Wifi Kanunua Jora la Damu ya Mzee, Mimi Nataka Kijani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 28, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Uyole hapa Mbeya. Naolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi Julai. Mchumba wangu ni Mbena wa Njombe, mimi Mnyakyusa wa Rungwe, na mpaka sasa hakuna aliyegombana na mtu. Posa ilipokelewa vizuri, mahari imelipwa sehemu kubwa, kamati inakaa kila Jumapili na michango inaingia, ingawa kwa kusuasua. Kinachotaka kubomoa nyumba kabla haijajengwa ni rangi ya nguo za wapambe. Najua utacheka. Mchumba wangu naye alicheka, nikamnunia siku mbili.

Nina wapambe sita: mdogo wangu anayenifuata, binti wa wifi yangu mwenye miaka 14, marafiki zangu wawili wa chuo na walimu wenzangu wawili. Tangu zamani ndoto yangu ilikuwa zambarau. Nilipomtajia mama mkwe kwenye simu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Zambarau ni ya Kwaresima, mwanangu. Na huku kwetu tunaiona zaidi kwenye misiba." Shemeji yangu mdogo akadakia kwamba tutaonekana mashabiki wa Mbeya City tunaowahi mechi Sokoine. Basi, zambarau nikaiacha bila ugomvi.

Ndipo nikakiona kijani cha zeituni. Nilikiona kwenye simu, harusi ya watu nisiowajua: wasichana wamejipanga, nguo zimetulia, maua meupe mkononi, nyuma yao ukuta wa matofali. Ile picha nimeitunza na nimeshaionyesha kila mtu, hata kaka anayeniuzia chipsi. Wapambe wanne wameipenda. Mdogo wangu, ambaye ni mweusi tii, hataki. Anasema rangi yoyote iliyokolea itamfanya apotee, yeye anataka krimu.

Sasa wifi. Ni dada mkubwa wa mchumba wangu, anafanya biashara Dar es Salaam, ndiye matroni wangu, na upande wao hakuna aliyechangia kumzidi. Wiki iliyopita alinitumia picha mbili za jora la kitambaa limeegemezwa kwenye kona ya duka, pamoja na ujumbe wa sauti: "Wifi, hilo la nguo limekwisha. Damu ya mzee, mita 30, nimelitoa Kariakoo. Fundi mtafute hukohuko." Sikuulizwa, Shangazi. Na katika picha ya kwanza kitambaa kinaonekana chekundu kabisa, ya pili kinaonekana kahawia. Hata sijui kama ni satini au ni nini.

Mama yangu amekasirika kuliko mimi. Anasema nikikubali kupangiwa nguo za wapambe leo, kesho nitapangiwa jina la mtoto. Mchumba anasema, "Nyie wanawake mtaelewana." Wakati huohuo mwalimu mwenzangu mmoja amenifuata faraghani akaniambia hana ile 90,000 niliyokadiria kila mpambe atoe ya kitambaa na ufundi, kwa hiyo bora ajitoe, na amenisihi nisimtangaze kwa wenzake. Rafiki yangu mmoja wa chuo naye ni mjamzito, Julai atakuwa na miezi saba.

Nifanyeje? Nikirudishe kitambaa? Nimwambie wifi ukweli? Au nikae kimya, siku ifike, nitabasamu kwenye picha?

Ni mimi, bibi harusi mwenye mawazo, Uyole.

*

Marahaba, mwanangu. Na kamwene pia, maana ndiyo salamu utakayopewa kila ukishuka Njombe, bora uizoee mapema.

Sijacheka. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikaa miaka mingi nyuma ya cherehani hapa Iringa, pale Miyomboni, na nguo za wapambe nimezishona mpaka vidole vikaota sugu. Nimeona kamati ikivunjika kwa sababu ya mkanda wa kiunoni. Kwa hiyo suala lako nalichukulia kwa uzito wake.

Nikupe jibu langu kwanza, maelezo yafuate. Usikirudishe kitambaa, na usikikubali bado. Mwambie wifi akutumie nusu mita kwa basi. Kikifaulu mitihani nitakayokutajia, wapambe wavae damu ya mzee. Kijani chako cha zeituni hutakitupa, nimekitafutia mtu wa kukivaa, nitamtaja baadaye.

Ninaomba nusu mita kwa sababu wewe na wifi nyote mnagombania picha. Wewe una picha ya kijani, yeye amekutumia picha ya damu ya mzee, na rangi yenyewe hamjaiona hata mmoja kwa jicho la siku ya harusi. Umesema mwenyewe kwamba jora lilelile limetoka jekundu mara moja na kahawia mara nyingine. Jora halikubadilika hapo. Simu inakisia mwanga uliopo ni wa namna gani kisha inairekebisha picha kwa makisio yake. Chini ya taa za duka inakisia hivi, karibu na mlango jua likiingia inakisia vile. Ile picha yako ya ukuta wa matofali nayo imepitia kwa mpiga picha aliyeichezea rangi mpaka ikatulia. Ukiipeleka kwa muuza vitambaa Mwanjelwa atakutolea kijani tatu tofauti, zote akiapa ndiyo yenyewe.

Kipande kikifika, usikitazame ndani. Toka nacho nje saa tisa mchana, jua likiwa kali, umweke mdogo wako, umweke na mwenzake mweupe, ukishikilie chini ya kidevu cha kila mmoja. Tazama uso, kitambaa kiache. Rangi isiyomfaa mtu huchukua macho yako kwanza, uso unakuja baadaye. Inayomfaa, unaona macho na meno ya mtu kabla hujakumbuka kuna nguo.

Hapo utapata jibu la mdogo wako pia. Binti mweusi tii hapotei kwa sababu ya rangi kukolea. Anapotea akivaa kinachokaribiana na ngozi yake, kama kahawia ya ugoro au kijani cha giza kisicho na uhai. Damu ya mzee ina wekundu ndani yake, na juu ya ngozi nyeusi wekundu huo unawaka kama kaa. Krimu anayoitaka itampendeza, sikatai, ila itawafubaza wenzake walio weupe, watatoka kwenye picha kama watu waliokesha hospitalini. Tena krimu inakaa karibu mno na nyeupe yako. Watu wakisimama mbali hawatajua bibi harusi anaanzia wapi.

Na hiyo nyeupe yako haikushuka na Musa mlimani. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa mwaka 1840 akiwa na gauni jeupe, wenye uwezo wakamwiga, kuigana kukavuka bahari mpaka kukafika Rungwe. Nakueleza hili ili usimhukumu sana mama mkwe kwa zambarau yake. Rangi zote zina mtu aliyezipa maana, na mama mkwe amezikuta za kanisa lake. Ulifanya vyema kuiacha. Hayo ya Mbeya City ni utani wa shemeji, mzoee tu, hataacha.

Mtihani wa pili ni wa leso. Chukua leso nyeupe ya pamba, ilowanishe, kamua, halafu sugua kipande kwa nguvu kama unayetoa doa. Rangi nyekundu na zile za giza ndizo zinazopenda kuchuja, hasa kitambaa kikiwa cha bei ya chini. Leso ikibaki nyeupe, alhamdulillahi. Ikipata wekundu, hata kidogo, hilo jora ni adui yako, kwa maana wapambe sita watakukumbatia, watainua mkia wa gauni lako, watakubeba na jasho lao la kucheza. Ikitokea hivyo usimpigie wifi kumweleza, na usimtumie picha. Iweke leso yenyewe kwenye bahasha, ipande basi. Mfanyabiashara akiona leso atakimbilia dukani kabla hujamaliza kuagana naye.

Mtihani wa tatu ni wa ukumbini, na hapa ndipo damu ya mzee ina kasoro yake, nisikufiche. Wapambaji wetu siku hizi wanapenda taa za zambarau na buluu zinazopanda ukutani. Chini ya taa hizo damu ya mzee inageuka kama nyeusi. Usidhani kijani chako kingepona. Kijani cha zeituni chini ya taa ya zambarau kinakuwa rangi ya tope la Mbalizi. Nenda ukumbini jioni moja na kipande chako, mwombe mpambaji awashe taa atakazotumia, ukiweke pale watakapokaa wapambe. Ukiona kimekufa, mwambie upande wa meza kuu aweke taa nyeupe yenye joto, ile inayokaribia umanjano wa balbu za zamani, na hizo za zambarau azipeleke kwenye kuta za nyuma akachezee huko.

Sasa kwa nini naegemea kwa wifi, wakati mimi mwenyewe damu ya mzee siyo rangi ninayoipenda? (Nimeishona mno. Kuna mwaka nilikuwa naiota.)

Sababu ni Julai. Umeishi Uyole, sihitaji kukuhadithia. Usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, upepo unateremka, vumbi la kiangazi limelala juu ya kila jani. Majani ya milimani kuelekea Loleza yameshakauka, kila kitu ni rangi ya nyasi kavu. Nina hakika mpiga picha atawapeleka mahali penye milima nyuma. Weka wasichana sita wenye kijani cha zeituni mbele ya nyasi kavu uone: ni rangi iliyokaa katikati ya kijani na udongo, inazama mulemule. Na kama mngekwenda kupiga picha Tukuyu, kwenye chai na migomba, kijani kingemezwa na kijani. Damu ya mzee inasimama kote kuwili.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga picha wanalijua na hawalisemi. Kamera iliyoachwa ijipangie mwanga, ikikutana na gauni jeupe kubwa katikati na nguo za krimu pembeni, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na nyuso zenu zinaingia gizani. Nguo zilizokolea pembeni yako zinairudisha kamera kwenye akili yake. Ndiyo maana nguo za wapambe zikikolea, mara nyingi hata bibi harusi anatoka vizuri zaidi. Rangi zinazowaka sana, kama lile njano la kalamu ya kupigia mistari, zenyewe zinamwaga rangi yake kwenye shingo na kidevu cha aliyesimama jirani, na hata kwenye gauni jeupe. Hilo mmeliepuka wote, nashukuru.

Kuhusu baridi, chonde. Nimeona wapambe wa Makambako wamevalishwa shifoni mabega wazi mwezi wa saba, ngozi imesimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Kwenye picha vipele vinaonekana. Fundi aweke mikono mirefu, au ya robo tatu, na kila mmoja awe na shali ya usiku. Kanisani nako hakuna mzee atakayenyanyua nyusi.

Aina ya kitambaa utaijua kwa vidole kipande kikifika. Kama kinateleza na kung'aa upande mmoja, ni satini. Satini haipendi safari. Wapambe wakipanda kosta wamekaa nusu saa, wanashuka na mikunjo mapajani inayong'aa kwenye kila picha. Nguo zisafirishwe zimetundikwa na wavalie karibu na kanisa. Kikiwa krepu, kile kizito kisichong'aa, umepata. Kikiwa na vinyweleo laini vinavyolala ukipitisha kiganja, basi wifi amekununulia mahameli, na kwa Julai ya Mbeya hiyo ni akili kubwa, ila inamtaka fundi anayeijua. Mahameli ukipitisha mkono kwenda chini inang'aa, ukirudisha juu inakuwa nzito na ya giza. Fundi akikata kipande cha mbele vinyweleo vikielekea chini na cha nyuma vikielekea juu ili kubana kitambaa, gauni moja litakuwa na rangi mbili, na hakuna pasi ya kulirekebisha. Mwambie akupitishie kiganja mbele yako kabla hajashika mkasi.

Fundi awe mmoja kwa wote sita. Ukiwaacha kila mmoja na fundi wake utapata pindo sita za urefu tofauti. Mishono, hata hivyo, iachie. Kitambaa kile kile, shingo tofauti. Yule binti wa miaka 14 asivalishwe mgongo wazi kwa sababu tu mkubwa wake kauvaa. Pindo zote zifike mahali pamoja tu, wakiwa na viatu watakavyovaa siku hiyo.

Na jora lilindwe. Hesabu yangu ya cherehani ni hii: gauni refu la binti wa umbo la kati, kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, linakula mita 3, ukiongeza mikono na marinda weka 3 na nusu. Wapambe sita ni mita 21. Zinabaki 9, na hizo 9 kila mtu atazitaka. Mpambaji atataka za kufunga viti, shemeji atataka tai, shangazi fulani atataka kilemba. Usikate hata shubiri mpaka nguo ya mwisho itoke kwa fundi.

Nasema hivi kwa uchungu. Harusi ya mpwa wangu hapa Iringa, mimi mwenyewe nikiwa fundi, tulimkatia mpambaji mita 4 mapema kwa sababu alikuwa na haraka. Tukapungukiwa nguo mbili. Nikamtuma kijana dukani, si duka lile la mwanzo, akarudi na kitambaa cha jina hilohilo, na chini ya taa ya chumba changu sikuona tofauti. Jumapili nikaletewa picha. Wasichana wanne walikuwa pichi, wawili rangi ya ndizi iliyoiva. Vitambaa vya jina moja vikitoka kwenye majora mawili mara nyingi huwa vimechovywa siku tofauti, na jua la nje halisamehe. Mpwa wangu hakunisema. Ametundika ukutani picha ile ambayo wale wawili wamekatwa.

Basi tumalize ya nguo, twende kwa wifi.

Hasira yako, mwanangu, haiko kwenye rangi. Zambarau, ambayo ndiyo ndoto yako ya tangu zamani, uliiacha kwa simu moja bila kinyongo, kwa sababu mama mkwe alikuambia sababu. Wifi hakukuambia kitu, alikutumia risiti. Hilo lina haki ya kusemwa, lakini usiliseme wewe. Dada wa mume anaambiwa na kaka yake. Mchumba wako anayesema mtaelewana, mwite, mkalishe, mpe maneno ya kusema: "Dada, tumekipokea na tunashukuru. Mwenzangu anaomba nusu mita tuione kwanza, na kuanzia sasa jambo la nguo mpigie yeye kabla hujalipa." Ni maneno ya nusu dakika. Akishindwa kuyasema, una jambo kubwa kuliko nguo la kuzungumza naye kabla ya Julai, na uniandikie tena.

Akishasema, siku inayofuata wewe piga. Shukuru tu, usirudie ya kaka yake. Halafu mwambie kijani cha zeituni ni chake. Yeye ndiye matroni, matroni hapendezi kufanana na wapambe, anatakiwa aonekane ni mtu mzima aliyekusimamia. Gauni lake litoke kwako, kwa pesa yako, na kitambaa ukichague wewe kwa macho yako pale Mwanjelwa. Damu ya mzee na kijani cha zeituni ni ua na jani lake, havigombani. Akisimama kando yako utakuwa na rangi yako karibu yako siku nzima, na wifi aliyezoea kutoa atakuwa amepokea. Watu wa kutoa hawajui wafanye nini wakipewa. Mara nyingi wanalainika.

Ukiongeza majani ya kijani kwenye maua ya wapambe, inatosha. Kijani kisiende mbali zaidi ya hapo, na nakuomba sana usikiweke na manjano ya dhahabu kwenye viti na meza, wageni watauliza mgombea ni nani, au Yanga wamechukua kombe gani.

Mwalimu mwenzako. Hapa hilo jora limekuletea heri na hujaiona. Ile 90,000 ilikuwa ya kitambaa na ufundi. Kitambaa sasa kimeshalipwa. Watangazie wote sita kwa pamoja kwamba bei imeshuka, wanalipa ufundi tu, na wanaweza kumlipa fundi kwa awamu mbili. Usimwite pembeni kumwambia amesaidiwa. Bei ikishuka kwa wote hakuna atakayemtazama mwenzake. Kama hata ufundi ni mzigo kwake, mlipie kimya kutoka mfukoni mwako, na fundi aambiwe afunge mdomo. Mpambe anayejitoa kwa sababu ya 90,000 hasahau, na mtakuwa mnakutana kwenye chumba cha walimu kila asubuhi.

Mama yako mwache akasirike siku chache, ni haki ya mama wa binti. Ukimwambia kwamba wifi atavaa gauni ulilolichagua wewe, atakuwa wa kwanza kulitangaza kwa majirani.

Mjamzito wako, fundi amkatie kitambaa pamoja na wenzake ila asimshonee. Miezi saba si umbo unaloweza kulibashiri mwezi wa tano. Mshono upandishwe chini ya kifua, mbele pindo liongezwe sentimita 5 kwa sababu tumbo huinua nguo, pembeni abakize akiba ya kufungua, na apimwe wiki ya mwisho. Atafutiwe kiti kanisani karibu na ukingo.

Nusu mita ikifika nikatie kiganja kimoja, ukitume Iringa kwa basi lolote la asubuhi. Nitakisugua na leso yangu mwenyewe, maana yako huenda ukaihurumia.